Bastola ya Kujilinda: Kuichagua, Kuitunza na Kuuzoeza Mkono

Tundu lipo mpaka leo kwenye ukuta wa chumba changu, juu kidogo ya swichi ya taa. Nililiziba kwa simenti nikapaka rangi, lakini kila nikiingia jicho linakwenda palepale. Jioni ile nilitaka kusafisha bastola. Nikavuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, risasi moja ikaruka na kudondoka kitandani. Nikaiachia slaidi, halafu nikachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye kitako. Risasi ninaiona pale kitandani, magazini ninayo mkononi, basi bastola ni tupu. Aina niliyonayo haifunguki mpaka kwanza ubonyeze triga. Nikaibonyeza.

Nilikosea mpangilio tu. Nilipoiachia slaidi irudi mbele, magazini ilikuwa bado imo ndani, nayo ikapandisha risasi ya pili kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa. Ningechomoa magazini kwanza, ndipo nivute slaidi, pasingetokea kitu. Kilichowaokoa watu wa nyumbani ni kwamba mdomo wa bastola ulielekea ukuta wa nje, wa tofali nene, na hata hilo sikulipanga.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu wengi wanaonijia kuuliza habari za silaha huanza na swali la aina gani ni kali. Siku ya kukutana na jambazi huenda isifike maishani mwako. Siku za kuishika bastola, kuitoa, kuisafisha na kuifungia zinakuja kila wiki, na ajali nyingi hutokea humo. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mambo ya kila wiki.

Kabla ya kununua

Anza na sheria ya nchi unayoishi, na uisome wewe mwenyewe, usisimuliwe. Kibali kinatolewa na nani, kinahuishwa lini, silaha inatakiwa kuhifadhiwa vipi, unaruhusiwa kutembea nayo au iishie nyumbani, risasi ngapi na za aina gani. Baada ya hapo soma sehemu ya kujitetea. Nchi nyingi huuliza mambo yanayofanana: hatari ilikuwa mbele yako wakati uleule, au ilishapita? Palikuwa na njia nyingine? Nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Mtu anayekimbia na televisheni yako ameshakupa mgongo, na ukimpiga risasi mahali pengi duniani utakayesimama kizimbani ni wewe. Ukishindwa kuyajibu maswali hayo kwa maneno yako mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti umetulia, usitegemee kuyajibu usiku wa manane.

Kisha itazame nyumba. Mlango wenye kitasa kizuri, taa ya nje, dirisha lenye nondo, mbwa anayebweka: vyote hivi vinafanya kazi ukiwa umelala, wala havihitaji kibali.

Na utazame watu. Hapa sina maneno ya kupamba. Kama ndani ya nyumba kuna mtu mwenye sonona, mlevi, mwenye hasira za kurusha vitu, au ndoa imefika mahali pa kutishana, silaha isiingie. Utafiti uliofanyika jimbo la California nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na hatari ya kujiua kwa bunduki takriban mara 8 kuliko wanaume wasio nazo, na kwa wanawake takriban mara 35. Hali ya nyumba nayo hubadilika. Ukishaona mmoja wenu amezidiwa na mawazo, iondoe nyumbani hata kama unayo miaka 10, kwa njia ambayo sheria inaruhusu, mpaka mambo yatulie.

Kanuni nne

Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini wa Marekani aliyefungua shule ya mafunzo ya bastola huko Arizona mwaka 1976, ndiye aliyezieneza kanuni nne zinazofundishwa leo katika viwanja vingi vya shabaha. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wa silaha kwenye kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka macho yawe yameshalenga. Kijue unachokipiga, na kilicho nyuma yake.

Uzuri wake ni kwamba zinabebana. Mimi siku ile nilivunja ya kwanza na ya tatu, ya pili ikaniokoa kwa bahati. Ukiishika hiyo ya pili, kwa kawaida unabaki na tundu ukutani. Ukiivunja nayo pamoja na nyingine, unaita gari la wagonjwa.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya bunduki inayo, nayo ni kidole cha shahada kilichonyooshwa ubavuni mwa bastola, juu zaidi ya triga wala si kwenye triga yenyewe, kikigusa chuma. Kizoeze hapo mpaka kiwe kinakwenda chenyewe hata ukishika drili ya kutobolea mbao. Mke wangu aliwahi kunicheka akiniona nimeshika chupa ya kunyunyizia maji hivyohivyo. Nikajua kimeshazoea.

Kuchagua

Ukienda dukani bila kujua unachotaka, utauziwa kile muuzaji anachotaka kiondoke. Kwa mtu wa kawaida chaguo ni tatu: rivolva, bastola ya magazini, na shotgan.

Rivolva ni nyepesi kueleweka. Silinda yake kwa kawaida ina vyumba 5 au 6, unaifungua, unaona kwa macho kama kuna risasi au hakuna. Risasi ikigoma, unabonyeza triga tena na chumba kingine kinakuja mbele. Ubaya wake ni kwamba triga ni nzito na ndefu, risasi ni chache, na kujaza upya ni kazi. Ni chaguo zuri kwa mtu ambaye vidole vyake vina nguvu lakini hataki kujifunza mashine yenye mambo mengi.

Bastola ya magazini hubeba risasi nyingi zaidi, triga yake kwa kawaida ni nyepesi, na hujazwa upesi. Inadai ujue mpangilio wa kuitoa risasi (nimeshasema kwa nini) na ujue kuikwamua ikikwama. Kabla hujalipa, vuta slaidi mara 10 mfululizo. Wapo watu, hasa wenye baridi yabisi ya viungo, ambao kuivuta mara ya tano tu ni shida. Jambo hilo ligundulike dukani. Kisha ishike kama unalenga: ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya triga bila wewe kuisokota mkononi. Ukilazimika kuisokota, hiyo si yako, hata iwe imesifiwa namna gani.

Shotgan ina nguvu kubwa na ni ndefu. Ukitembea nayo kwenye korido mtutu unatangulia kuonekana. Kuna uongo mmoja kuhusu shotgan ambao nausikia kila mwezi, kwamba haihitaji kulenga kwa sababu gololi zake hutawanyika. Kwa umbali wa chumba, gololi 8 au 9 za risasi ya kawaida ya kujilinda hutua eneo la ukubwa wa kiganja. Usipolenga, unakosa.

Sasa suala la ukubwa wa risasi, ambalo limewafanya watu wazima wagombane kama mashabiki wa mpira. Tarehe 11 Aprili 1986, makachero 8 wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki jijini Miami. Makachero wawili walikufa na watano walijeruhiwa. Risasi moja yenye kipenyo cha milimita 9 ilimpiga jambazi mmoja mapema, ikapita mkononi na kuingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupigana na kuua. FBI wakailaumu risasi. Wakahamia kubwa zaidi, wakaweka kipimo kwamba risasi iingie kati ya sentimita 30 na 46 ndani ya jelatini ya majaribio, inayoigiza nyama ya mwili. Risasi ya .40, yaani kipenyo cha inchi 0.40, kubwa kuliko milimita 9, ikatokea mwaka 1990 na polisi wengi wakaikimbilia. Katikati ya miaka ya 2010 FBI hao hao wakarudi kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi za kisasa za ukubwa huo zilifaulu kipimo, na makachero wao walipiga upesi na kwa usahihi zaidi kwa bastola isiyorusha teke kali, yaani isiyousukuma mkono nyuma kwa nguvu.

Kwa hiyo nunua ile inayopiga teke unaloweza kulimudu, na kwa wengi hiyo ni milimita 9, au risasi iitwayo .38 Special kwa rivolva. Jihadhari na bastola ndogo za mfukoni. Zinavutia kwa wepesi, lakini wepesi huohuo ndio unaofanya teke liwe kali, na mwenye nayo huishia kupiga risasi 20 kwa mwaka kwa sababu mkono unauma. Za kwenda kujifunzia zichague kubwa kidogo na nzito kidogo.

Aina ya kichwa cha risasi ina maana kuliko ukubwa wake. Kichwa kilichofunikwa shaba chote hupenya na kuendelea. Kichwa chenye shimo mbele hupanuka kikigusa mwili na hupunguza uwezekano wa kutokea upande wa pili. Baadhi ya nchi haziwaruhusu raia hizo zenye shimo, kwa hiyo rudi kwenye sheria uliyoisoma. Zote mbili hupita kwenye mlango wa mbao na ukuta wa jipsamu kana kwamba hakuna kitu. Tembea ndani ya nyumba yako mchana na uangalie: nikisimama hapa na kuelekeza pale, nyuma ya ukuta ule analala nani?

Silaha iliyotumika si vibaya kuinunua. Itoe risasi, ifungue, mulika mtutu kwa tochi: mistari ya ndani ionekane mikali, pasiwe na kutu wala uvimbe. Ukiona uvimbe hata mdogo, irudishe mezani. Mpelekee fundi mwenye leseni aitazame kabla pesa haijatoka.

Na hata ikiwa mpya kabisa, usiiamini mpaka imepiga risasi 200 bila kukwama, na zisizopungua 50 kati yake ziwe za aina ileile utakayoiweka kwa ajili ya kujilinda.

Kuihifadhi

Chini ya mto, juu ya kabati, ndani ya droo ya nguo. Watoto wanapajua pote. Mtoto anajua zawadi ya sikukuu imefichwa wapi, atashindwaje kujua hilo? Kuficha na kufungia ni vitu viwili tofauti.

Nunua sefu la chuma na ulifunge kwa bolti kwenye zege au kwenye mbao nzito, maana sefu dogo lisilofungwa mwizi hulibeba zima zima akalivunjie kwake. Bastola unayoitegemea usiku inaweza kukaa kwenye kisanduku cha kufunguka haraka kwa namba karibu na kitanda, kikiwa nacho kimefungwa kwa bolti au waya wa chuma. Kisanduku cha betri kina tabia ya kuzimika siku isiyofaa, basi badilisha betri kila mwaka kwa tarehe unayoikumbuka, na ufunguo wa akiba usiutundike msumarini jikoni. Nimeuona huko zaidi ya mara moja. Risasi nyingine zikae pengine, penye ukavu, kwa kufuli yake. Asubuhi ukiamka, kilichokuwa karibu na kitanda kinarudi kwenye sefu kubwa. Gari si ghala la silaha.

Ala ya ngozi, ule mfuko wa bastola wa kiunoni, ni ya kuvalia. Ukiihifadhi bastola ndani yake, ngozi hunyonya unyevu na chumvi na kuvishikiza kwenye chuma, na ndani ya miezi michache utaona madoa ya kutu yenye umbo la ala. Ifute, ipake mafuta kidogo, ilaze wazi ndani ya sefu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Vipakiti navyo hujaa, vibadilishe.

Kuisafisha

Sehemu hii nitakwenda nayo taratibu.

Kwanza chumba. Hakuna risasi hata moja mezani, hata ndani ya chumba. Simu iwe mbali, mtoto awe mbali, televisheni izimwe. Elekeza mdomo wa bastola mahali ambapo, ikilipuka, itaharibu kitu tu: ukuta mnene wa nje, ndoo iliyojaa mchanga. Mimi sasa nina ndoo ya mchanga na sisafishi bila kuielekea.

Chomoa magazini. Iweke nje ya chumba. Ndipo uvute slaidi nyuma, risasi iliyomo iruke. Vuta tena mara mbili. Ifungie nyuma kwa kitufe chake, uangalie ndani ya chemba kwa macho, halafu utie ncha ya kidole kidogo uguse: tundu la chemba, na tundu la kitako ambamo magazini hukaa. Macho huona kinachotarajiwa, kidole hakitarajii kitu. Ukikatizwa katikati, hata kwa hodi mlangoni, anza upya tangu mwanzo. Kwa rivolva, fungua silinda, inua mdomo juu, sukuma fimbo ya kutolea, hesabu vyumba vyote.

Sasa ifungue kwa kufuata kitabu kilichokuja nayo. Usiende zaidi ya vipande vikubwa: slaidi, mtutu, springi na fremu. Vilivyo ndani ya fremu ni vya fundi.

Ufito wa kusafishia uingie upande wa chemba na utokee mdomoni, kadiri umbo la silaha linavyoruhusu. Anza na kitambaa chenye dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti, kipite mara moja, uache dakika 5 au 10. Kisha burashi ya shaba mara 10, ikipita yote mpaka itokeze, bila kuigeuza katikati ya mtutu. Halafu vitambaa vikavu kimoja kimoja. Cha kwanza kitatoka cheusi kama sufuria, cha nne kijivu, na ukifika kile kinachotoka karibu cheupe, inatosha. Wapo wanaosugua mtutu saa nzima na kuusahau ule ukucha mdogo kwenye slaidi unaong'oa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa. Ukucha ukijaa masizi haushiki ganda vizuri, na hapo bastola hukwama. Mswaki wa zamani unautosha.

Mafuta ni tone, si kumwagilia. Tone moja kila reli ya slaidi, tone sehemu ya nje ya mtutu panapong'aa kwa kusuguana, sambaza kwa kidole. Mafuta yakizidi hukusanya vumbi na kugeuka uji. Usitie mafuta kwenye tundu la pini ya kugongea, wala usishike risasi kwa vidole vyenye mafuta: yakipenya mpaka kwenye fataki iliyo kwenye tako la risasi yanaweza kuiua, na siku ya kuihitaji utasikia "tik" tu. Magazini zifute zikiwa kavu, bila mafuta ndani.

Irudishe, ivute slaidi mara kadhaa, jaribu triga ikiwa tupu na imeelekea ndoo, hakikisha vizuizi vya usalama vinafanya kazi. Nenda kanawe.

Kunawa si adabu tu. Kiswahili kimeipa madini ile na kile kitokacho mtutuni jina moja, risasi, na ni haki, kwa sababu vichwa vingi hutengenezwa nayo na fataki nyingi zinayo pia. Vumbi lake ni sumu, huingia kwa mdomo na pumzi, na huwadhuru zaidi watoto na mimba. Nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kugusa chakula, uso au mtoto. Ukitoka uwanjani badilisha nguo na viatu mlangoni.

Safisha baada ya kila siku ya kupiga. Kama haikutumika, itoe mara moja kwa mwezi uikague.

Mazoezi

Mtafute mwalimu kwa siku za mwanzo. Ukiweza kulipa vipindi vitatu tu, lipa vitatu: mwalimu hukuona kwa nyuma, mahali wewe huwezi kujiona.

Vaa kinga ya masikio na miwani kabla hujasogea kwenye mstari. Mlio wa bastola hufika karibu desibeli 160, na kuanzia 140 mlio mmoja unatosha kuharibu usikivu moja kwa moja. Uwanja wenye paa, vaa plagi ndani na vifuniko juu yake.

Mshiko. Mkono wenye nguvu ukae juu kabisa mpinini, pale kati ya dole gumba na shahada paingie chini ya slaidi bila nafasi. Mkono wa pili uzibe sehemu ya mpini iliyobaki wazi, vidole gumba vyote vielekee mbele upande mmoja. Dole gumba likikaa nyuma ya slaidi litachanwa, na utakumbuka. Kwa rivolva, usiweke kidole karibu na pengo la silinda na mtutu, hapo hutoka gesi ya moto yenye uwezo wa kukata. Simama miguu imeachana upana wa mabega, uinamie mbele kidogo kama mtu anayetaka kusukuma gari.

Macho yakae kwenye alama ya mbele ya kulengea. Iwe kali, shabaha nyuma yake iwe na ukungu. Wanafunzi hupinga hili kila mara, wanataka kuiona shabaha. Waache wapige wanavyotaka risasi tano, kisha wapige tano kwa kufuata alama, halafu waitazame karatasi.

Triga isukumwe nyuma polepole na kwa uzito unaoongezeka, mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Adui mkubwa ni mkono unaojua mlio unakuja. Namna ya kumfichua ni hii: mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili au tatu usijue ziko wapi. Juzi nilimfanyia hivyo jamaa mmoja, mtu mzito, aliyekuwa akiapa kwamba hashtuki. Risasi mbili za kwanza zikalia, zote zikatua chini kushoto. Ya tatu ilikuwa bandia. "Tik," na mdomo wa bastola ukachota chini kama mtu anayepiga msumari. Akanitazama. Akasema, "Kaka, bastola imeharibika." Nikamwambia arudie. Ilipofika bandia ya pili alicheka mwenyewe. Baada ya dakika 20 za zoezi hilo, karatasi yake ilikuwa na kundi la matundu unaloweza kulifunika kwa kikombe.

Nyumbani, fanya mazoezi ya kufyatua bila risasi, kwa utaratibu uleule wa usafi: risasi nje ya chumba, kagua kwa macho na kidole, elekea ndoo. Hakikisha kitabu cha silaha yako kinaruhusu. Nyingi za kisasa huruhusu, na risasi bandia hulinda pini. Weka sarafu juu ya alama ya mbele, sukuma triga, sarafu isianguke. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, inatosha. Ukimaliza sema kwa sauti "zoezi limekwisha," fungia silaha, usirudie "moja ya mwisho." Hiyo ya mwisho ina sifa mbaya, watu hupiga vioo na televisheni zao baada ya kurudisha risasi halafu wakatamani kujaribu mara moja tena.

Uwanjani, risasi 50 kwa mwezi zilizopigwa kwa makini zina faida kuliko 300 za kujifurahisha mara moja kwa mwaka. Anza mita 3, kisha 5, kisha 7. Usikimbilie mita 25, ugomvi wa ndani ya nyumba hauko huko. Andika kwenye daftari tarehe, umbali, idadi, na lililokwenda vibaya.

Kukwama kutatokea, kwa hiyo kuzoee. Ukisikia "tik" bila mlio ukiwa mazoezini, shikilia mdomo kuelekea shabaha na uhesabu sekunde 30, kwa sababu baruti inaweza kuwa imechelewa tu kuwaka. Ndipo uitoe. Kwenye hatari halisi hakuna sekunde 30: piga tako la magazini kwa kiganja, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Lakini ukisikia mlio dhaifu, "pf" badala ya "pa," acha kila kitu. Kichwa cha risasi huenda kimenasa ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Toa risasi zote, fungua, mulika.

Kuchomoa kutoka kwenye ala ukiwa umevaa usijifunze peke yako wala kwa risasi halisi. Ni hapo watu hujipiga paja. Ala iwe ngumu, ifunike triga yote, na kurudisha bastola kufanyike polepole ukiitazama, maana hakuna mashindano ya kurudisha.

Usiku wenyewe

Mwaka 1983 askari polisi wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika matokeo ya jaribio dogo: mtu mwenye kisu akiwa futi 21, yaani kama mita 6.4, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwa askari wa kawaida huo ndio muda wa kuchomoa bastola na kupiga. Wengi huchukua somo kwamba lazima uwe mwepesi. Mimi nachukua lingine: umbali na kizuizi. Mlango uliofungwa unakupa muda ambao mkono hauwezi kukupa.

Kwa hiyo panga na familia chumba kimoja ambacho wote mnakimbilia, chenye mlango unaofungwa kwa ndani, simu na tochi. Mkisikia mtu ndani ya nyumba, ingieni humo, fungeni, pigeni simu polisi na msikate. Paza sauti kwamba polisi wanakuja na kwamba una silaha. Wezi wengi huondoka hapo. Usitoke kuwasaka chumba kwa chumba. Polisi waliofunzwa huingia wawili au zaidi kwa kazi hiyo.

Tochi iwe kitu cha pekee, mkononi, si kile tu kilichobanwa kwenye bastola, kwa sababu ukitumia tochi iliyo kwenye bastola kumtambua mtu unakuwa umeshamwelekezea mtutu. Na mtu huyo anaweza kuwa mwanao aliyeamka kunywa maji, au mgeni aliyekosea mlango. Mulika, tambua, ita jina. Jaribuni hili gizani mara mbili kwa mwaka bila silaha yoyote, kila mmoja ajue anakwenda wapi na nani anambeba mtoto.

Mwili nao utakubadilikia. Moyo hudunda, masikio huziba, vidole huwa vizito, muda huonekana umerefuka. Ndiyo sababu mpango uwe mfupi: chumba, mlango, simu, sauti.

Polisi wakifika hawajui mwenye nyumba ni nani. Mwambie anayepokea simu umevaa nini, uko chumba gani, na kwamba una bastola. Kabla hawajaingia chumbani, iweke chini mbali na mkono wako, kidole kikiwa nje ya triga mpaka dakika hiyo, inua viganja wazi na ufanye wanachosema, hata wakikupigia kelele ndani ya nyumba yako mwenyewe.